Rauta ikizima unaporusha: dalili, chanzo na tiba kwa wapenzi wa redio wa Arusha na Moshi

Ukiwa na redio ya HF (ya mawimbi mafupi) na intaneti ndani ya nyumba moja, karibu kila tatizo litakalokupata liko kwenye moja ya makundi matatu. Redio inaisumbua intaneti, au intaneti inaisumbua redio, au vyote viwili ni vizima ila saa ya kompyuta au njia ya mtandao haiko sawa. Kazi ya kwanza ni kujua uko kundi gani. Watu wengi wanairuka hatua hii: wananunua rauta nyingine, wanabadilisha laini, wanapandisha antena juu zaidi ya mjakaranda, na tatizo linabaki pale pale. Kuchomoa kebo ni bure, kwa hiyo tuanze kwa kuchomoa.

Nimeandika kwa ajili ya mtu mwenye leseni ya TCRA na kolisaini yake (jina la kituo hewani) ya 5H, anayeishi Njiro, Sakina, Tengeru, Moshi mjini au Marangu, na anayetumia intaneti ya simu, ya nyaya au ya mkongo. Mengi yatafaa hata Singida.

Intaneti inakatika kila unaporusha

Unabonyeza kurusha kwenye bendi ya mita 20 (14 MHz), taa za rauta zinazima na kuwaka upya, video ya watoto sebuleni inakwama. Ukiacha, baada ya dakika moja mtandao unarudi. Hapa mkosaji ni redio yako, lakini haina maana kwamba redio ni mbovu. Mawimbi yako yanaingia kwenye nyaya za rauta, kwa sababu waya wowote mrefu ni antena hata kama hukukusudia. Urefu wa wimbi la 14 MHz ni mita 21 na kidogo. Robo yake ni mita 5. Sasa pima kebo inayotoka kwenye antena ya 4G juu ya bati hadi kwenye rauta. Mara nyingi utakuta ni mita 5, au 10 ambayo ni robo ya wimbi la mita 40. Ndiyo maana tatizo linatokea bendi moja na kukosekana bendi nyingine, na hicho ndicho kipimo cha kwanza: jaribu bendi nyingine kwa nguvu ile ile. Likipotea, unashughulika na urefu wa waya.

Kipimo cha pili ni nguvu. Shusha hadi wati 5. Rauta ikitulia, panda taratibu hadi uone inaanguka kwenye wati ngapi, kisha andika namba hiyo, maana ndiyo itakayokuonyesha kama tiba unayojaribu inasaidia. Tumia FT8, ile njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta kupitia redio, kupimia badala ya sauti. FT8 inarusha mfululizo kwa sekunde 12.64 bila kupanda na kushuka, kwa hiyo rauta dhaifu itajifichua haraka.

Kipimo cha tatu: chomoa kebo zote za mtandao kwenye rauta, ibaki na umeme peke yake. Rusha. Bado inazima? Mawimbi yanapita kwenye waya wa adapta. Haizimi tena? Rudisha kebo moja moja.

Tiba ninayoiamini kuliko zote ni pete za feraiti, zile nyeusi zinazozuia mawimbi kwenye waya, na ni muhimu kujua namna ya kuzitumia. Kuibana kebo mara moja ndani ya pete, kama ilivyo kwenye kebo za kiwandani, hakusaidii sana kwenye HF. Nguvu ya kuzuia inapanda kwa mraba wa mizunguko: mizunguko mitano inazuia takriban mara 25 kuliko mzunguko mmoja. Tafuta pete kubwa ya mchanganyiko namba 31, ambao umetengenezwa kwa masafa haya, uzungushe waya wa adapta mara tano hadi nane karibu kabisa na rauta. Fanya hivyo hivyo kwa kebo ya Ethernet. Kama hupati pete mpya, mafundi wa televisheni wana mabaki ya feraiti kutoka mashine zilizokufa. Hujui ni mchanganyiko gani, lakini ukiwa na ile namba ya wati uliyoiandika utajua kama inafaa.

Halafu nenda kwenye chanzo. Antena ya waya mmoja inayolishwa mwishoni ni rahisi kuifunga kati ya dirisha na mti, na viwanja vyetu vina miti mizuri, lakini bila choki (kebo iliyozungushwa mara kadhaa kuzuia mawimbi) inarudisha mawimbi juu ya ngozi ya kebo ya koaksi, ile ya antena, hadi mezani kwako. Weka choki kwenye koaksi mahali inapoingia ndani ya nyumba. Dipoli (waya uliogawanywa katikati) yenye baluni ya 1:1, yaani kiunganishi kinachosawazisha pande zake mbili, ikiwa mbali na nyumba hata mita 10, inamaliza kesi nyingi bila kugusa rauta. Nimeona pia watu wakichimbia fimbo ya arthi wakitarajia ndiyo dawa. Arthi ni ya usalama na lazima iwepo, lakini kwa ugonjwa huu choki ina nguvu zaidi, hasa kwenye udongo wetu wa volkano ambao kiangazi unakauka na kushika umeme vibaya.

Kuna namna moja ya ugonjwa huu ambayo ni ya hatari. Kebo ya USB kati ya redio na kompyuta inapigwa na mawimbi, kompyuta inaipoteza redio, na redio inabaki inarusha bila mtu kuiambia iache. Ukiona hivyo zima redio yenyewe, usihangaike na panya wa kompyuta. Fupisha kebo ya USB, izungushe kwenye feraiti pande zote mbili, na usiache kituo kijiendeshe chenyewe mpaka umethibitisha imepona.

Kelele inapanda rauta ikiwaka

Hapa ni kinyume. Redio inapokea, lakini sindano ya kupima nguvu ya mawimbi imekaa S7 bila stesheni yoyote, na unasikia mngurumo unaofunika kila kitu isipokuwa wenye nguvu.

Umeme ukikatika, usikimbilie jenereta. Hiyo ndiyo nafasi bora ya kupima uliyonayo. Washa redio kwa betri ya volti 12 usikilize. Mtaa mzima umezimwa: taa za LED za majirani, chaja zao, friji, televisheni. Kama kelele imeshuka hadi S1 au S2, sasa unajua bendi yako ilivyo kweli, na kila uniti ya S iliyopotea, yaani desibeli 6 kila moja, ilikuwa imetengenezwa na vifaa vya mtaani. Kama kelele haijashuka, chanzo ni kitu kinachoendelea kufanya kazi kwa betri, na mara nyingi ni chako mwenyewe: inveta, UPS ya rauta, kontrola ya sola.

Umeme ukiwepo, zima swichi kuu ya nyumba yako tu, redio ikiwa kwenye betri. Kelele ikipotea iko kwako. Washa saketi moja moja, kisha kifaa kimoja kimoja. Nimekuta mara nyingi kwamba rauta yenyewe ni nzuri na adapta yake ndiyo mbaya. Adapta nyepesi za bei ndogo zinakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na hazina kichujio, na waya wake unatangaza hiyo kelele nyumba nzima. Tazama maandishi ya nyuma ya rauta: ikiwa inakula volti 12, ilishe moja kwa moja kutoka betri ile ile ya redio kupitia fyuzi. Utapata mambo mawili kwa pamoja, kelele inaondoka na intaneti haikatiki umeme ukikatika. Kama inahitaji volti 9 au 5, fundi atakutengenezea adapta ya transfoma ya chuma ya zamani, ile nzito. Uzito wake usikukere.

Sikiliza aina ya kelele, kwa sababu kila chanzo kina sauti yake. Mlio mwembamba unaokaa kwenye namba moja ya masafa, mfano karibu na 14.030 au 21.052 MHz, usiosogea na usio na mtu, mara nyingi ni kebo ya Ethernet. Chomoa kebo uone kama unanyamaza. Kelele inayokuja na jua na kuondoka jioni au wingu likipita ni kontrola ya sola. Tiki, tiki, tiki, moja kila sekunde au zaidi kidogo, ni uzio wa umeme, na Njiro na maeneo mengi ya Arusha yana nyuzio hizo. Tafuta mahali waya umegusa jani au kihami kimepasuka. Mkwaruzo unaozidi wakati wa kiangazi na kupungua mvua ikinyesha ni nguzo ya umeme, na hilo ni la kutoa taarifa kwa wenye nguzo, usiliguse.

Ili kuifuata kelele nje ya nyumba, chukua redio ndogo ya betri yenye AM, weka mahali pasipo na stesheni, tembea nayo. Antena yake ya ndani ina upande inaosikia vizuri na upande usiosikia, kwa hiyo ukiizungusha itakuonyesha mwelekeo. Ikikupeleka kwa jirani, nenda mchana, na nenda bila lawama. "Hodi mama. Shikamoo. Samahani kwa usumbufu, mimi jirani yako wa ile nyumba yenye nyaya juu ya mti. Naomba tuzime ile sola dakika mbili tu, nataka kusikiliza kitu kwenye redio." Akikubali na kelele ikapotea, mwonyeshe kwenye hiyo redio ndogo asikie mwenyewe. Kisha wewe ndiye ununue feraiti ya kontrola yake. Ni gharama yako kwa sababu ni starehe yako.

Wenye intaneti ya waya wa shaba wa simu wajue jambo moja zaidi. VDSL ya wasifu wa 17a inatumia masafa hadi karibu 17.7 MHz, yaani inapita juu ya bendi za mita 80, 40, 30 na 20. Inaweza kukusumbua na wewe unaweza kuiangusha. Mkongo hauna ugonjwa huo. Unabaki na adapta yake tu.

FT8: mawimbi yanaonekana, programu haisomi kitu

Mistari imejaa kwenye dirisha la WSJT-X, programu ya FT8, unaisikia kwa masikio yako, lakini orodha ya kushoto ni tupu. Tazama saa kwanza. FT8, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, inagawa muda kwa vipande vya sekunde 15, na kompyuta yako ikipishana na wengine kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, hakuna kinachosomeka. Laptopu iliyokaa bila intaneti siku kadhaa inaweza kufika huko. Windows ikiachwa ilivyo husahihisha saa yake kwa nadra, na kwa kazi hii ni mbali mno. Weka programu ya NTP inayosahihisha kila baada ya dakika chache. Inatumia mlango wa UDP namba 123 na data kidogo sana, haitagusa bando lako.

Lakini intaneti inaweza kukosekana kabisa. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia. Siku kama hiyo redio yako inapaswa kuwa kitu kinachoendelea kufanya kazi. Kipokezi kidogo cha GPS cha USB kinaipa kompyuta saa sahihi bila mtandao wowote. Na kama huna, FT8 yenyewe itakusaidia: ukisoma stesheni hata chache, tazama safu ya DT (tofauti ya saa kwa sekunde). Kama karibu wote wanaonyesha +1.5, saa yako imetangulia kwa sekunde moja na nusu, irudishe nyuma. Wakionyesha hasi, isogeze mbele. Usifuate stesheni moja, fuata wengi.

Saa ikiwa sahihi na bado husomi, angalia kiwango cha sauti: kipimo cha kijani cha WSJT-X kikae karibu na 30 bendi ikiwa kimya. Na kama tatizo linakuja baada ya jua kuzama tu, mistari ikionekana kama imepakwa kwa kidole, pengine hakuna kilichoharibika. Tuko karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, na jioni tabaka la juu la hewa juu yetu linavurugika na kutikisa mawimbi. Shuka bendi ya chini au subiri usiku ukomae.

FT8 inakwenda vizuri, lakini LoTW haithibitishi

Umeongea na watu wengi, umepakia logi (orodha ya mawasiliano yako), wiki zinapita na uthibitisho ni wachache mno. LoTW, huduma ya mtandaoni ya kuthibitisha mawasiliano, inalinganisha logi yako na ya mwenzako, na muda wenu ukipishana zaidi ya dakika 30 haiwaunganishi. FT8 yenyewe haitakuonya, kwa sababu inajali sekunde tu. Saa yako inaweza kukosea masaa matatu kamili na mawasiliano yakaenda bila shida.

Chanzo ninachokikuta zaidi ni ukanda wa saa. Mtu amenunua laptopu iliyotumika Ulaya, amekuta saa haifanani na ya ukutani, akaisogeza kwa mkono bila kubadilisha ukanda. Saa ya pembeni inasomeka sawa na kila mtu anaridhika, lakini UTC (saa ya kimataifa) ya ndani si sahihi. Kwenye Windows chagua ukanda wa Nairobi, UTC+3, ndiyo wetu.

Wanaoandika logi kwa mkono wana urahisi ambao wengine hawana. Mchana, chukua saa tunayoisema kwa Kiswahili ujumlishe tatu, umepata UTC: saa 2 asubuhi ni 0500, saa 10 jioni ni 1300. Usiku jumlisha 15, saa 2 usiku ni 1700, na ikizidi 24 toa 24. Tarehe ndiyo inayoponza watu. Siku ya UTC inabadilika saa 9 usiku kwetu, kwa hiyo mawasiliano ya saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili yanaandikwa Jumamosi, saa 2200. Na gridi yako (alama ya mahali ulipo kwenye ramani ya redio), uwe Arusha mjini au Moshi mjini, ni KI86.

EchoLink inaingia, lakini hakuna sauti

Kwenye EchoLink, programu ya kuunganisha stesheni za redio kupitia intaneti, unaona orodha ya stesheni, unabonyeza moja, inasubiri, inakata. Fungua ukurasa wa rauta usome anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtandao wako umekuweka wewe na wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. EchoLink inahitaji UDP 5198 na 5199 ziingie kutoka nje, na hapo haziwezi kukufikia. Kufungua milango kwenye rauta yako ni kazi bure kwa sababu mlango uliofungwa si wako.

Kwenye simu, chagua muunganisho wa kupitia relei au proksi ya umma (kompyuta ya katikati) ndani ya programu yenyewe. Mara nyingi unapona hapo hapo. Kwenye kompyuta, proksi pia. Kama unataka kuweka linki ya kudumu, omba anwani ya umma kwa mtoa huduma wako, inalipiwa lakini ndiyo njia safi. Wanaofikiria VPN wakumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kutaka watumiaji wa VPN wajisajili. Mwenye leseni ya redio ana sababu zaidi ya kufuata taratibu.

Wi-Fi inakufa ukienda kwenye setilaiti

Hili ni la wachache, ila linaongezeka tangu QO-100 ianze kutumika, setilaiti iliyorushwa Novemba 2018 na inayokaa nyuzi 25.9 mashariki. Kwetu iko karibu juu ya kichwa, nyuzi 77 hivi kutoka upeo, upande wa magharibi kuelekea kaskazini kidogo. Unairushia kwenye 2400.0 hadi 2400.5 MHz, na Wi-Fi ya kawaida inaanza pale pale pembeni. Hamisha rauta kwenye chaneli 11, au bora zaidi 5 GHz, na usiiweke chini ya sahani. Pembe ile ya kutazama juu ina kero yake: masika maji yanakaa ndani ya sahani. Toboa tundu dogo upande wa chini.

Intaneti hapa ni chombo cha kupimia. Kipokezi cha Goonhilly, Uingereza, kinatoa matangazo ya setilaiti hii mtandaoni. Ukijisikia huko na husikii kwenye sahani yako, upande wako wa kupokea ndio mbovu, anza na umeme wa LNB (kipokezi cha kwenye sahani). Usipojisikia kokote, kasoro iko upande wa kurusha.

Ramani ya PSK Reporter iko tupu upande mmoja

PSK Reporter ni ramani ya mtandaoni inayoonyesha nani amekusikia. Ukiwa Moshi mjini, Kibo iko karibu kaskazini kabisa, kilomita 30 hivi, na kilele cha mita 5,895 kinasimama takriban nyuzi 9 juu ya upeo wako. Moscow iko kwenye mstari huo huo. Mawimbi ya mita 10 na 15 yanayokwenda mbali mara nyingi huondoka chini ya pembe hiyo, kwa hiyo yanadhoofika. Arusha mjini, Meru inaziba kaskazini mashariki, njia ya Asia ya Kati. Jaribu mita 20 au 40, ambako mawimbi yanapanda juu zaidi, ulinganishe ramani mbili za saa ile ile. Pengo likibaki kwenye bendi zote, mlima hauhusiki. Angalia antena yako imefungwa kuelekea wapi, kwa sababu dipoli husikia vibaya upande wa ncha zake. Na ramani ikiwa tupu pande zote, fungua kiungo cha koaksi kule juu uone kama maji yameingia.